Jedwali halina mbele wala nyuma

Hati ya utendi iliyoandikwa kwa mkono Lamu, Siyu au Pate katika karne ya 19 imepangwa kwa namna ambayo mwanafunzi yeyote wa kompyuta angeitambua. Kila ubeti umelazwa katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto kwa herufi za Kiarabu, na mstari huo umekatwa vipande vinne kwa alama ndogo. Ubeti wa pili uko chini ya wa kwanza, wa tatu chini ya wa pili, na vipande vinapangana juu kwa chini hata ukurasa mzima ukawa na nguzo nne zilizosimama. Muhamadi Kijuma, mwandishi wa hati na mchonga mbao wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, alinakili tendi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na kazi zake zimehifadhiwa London na Ujerumani. Kwa lugha ya wanaoandika programu, ukurasa wa namna hii ni jedwali la pande mbili: safu mlalo ni beti, safu wima ni vipande, na kila chumba kina maneno yenye mizani nane.

Hoja yangu ni kwamba mwelekeo wa kulipita jedwali kama hili haumo ndani ya jedwali. Umo ndani ya swali tunaloliuliza. Jambo hilo linaonekana dogo mno kuandikiwa makala, lakini wanaojifunza programu hukwama hapo mara kwa mara. Wamekariri kwamba, katika mizunguko miwili ya programu iliyo mmoja ndani ya mwingine, wa nje ni wa safu mlalo na wa ndani ni wa safu wima, kana kwamba ni sheria ya maumbile, na siku wanapotakiwa kushuka, kurudi nyuma au kukata mshazari, wanaanza kubahatisha: wanaongeza moja hapa, wanapunguza moja pale, mpaka programu iache kulalamika. Programu iliyoacha kulalamika si lazima iwe inasema kweli.

Chukua Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake mwaka 1858. Nakala inayojulikana zaidi ina beti 102, kwa hiyo jedwali lake lina vyumba 408. Kanuni ya utendi yenyewe ni ya pande mbili. Vipande vitatu vya kwanza vya ubeti vina kina kimoja, ambacho hubadilika kila ubeti unapobadilika. Kipande cha nne kina kina cha bahari, nacho hakibadiliki toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Anayesoma kwa sauti huenda ubeti kwa ubeti: namba ya ubeti, tuiite b, inasimama, huku namba ya kipande, tuiite k, ikienda 0, 1, 2, 3, kisha b inasogea hatua moja na k inarudi 0. (Waandishi wa programu wengi huanza kuhesabu kwa 0. Ni desturi yao, tuwaachie.) Anayekagua vina vya ndani hupita njia hiyohiyo lakini anaishia kwenye k ya 2. Anayekagua bahari hahitaji mzunguko ndani ya mzunguko hata kidogo: k inafungwa kwenye 3, na b peke yake inashuka kutoka 0 hadi 101. Halafu yuko mtafiti anayetafuta tarehe na jina la mtungaji, na kwa kuwa desturi ya tendi nyingi ni kuyaweka mambo hayo mwishoni, mwenye akili ataanza na b ya 101 akipanda juu, na kusimama mara tu atakapoyapata. Kuanzia mwanzo si kosa, ila atasoma karibu utendi mzima kabla ya kufika alikokuwa akienda. Wote hawa wana jedwali moja mkononi, wala hakuna aliyeligeuza. Kilichowatofautisha ni walichotaka kujua.

Msomaji makini atapinga mapema: hati hizi zinasomwa kutoka kulia, basi k haipaswi kuanzia 3 na kushuka hadi 0? Haipaswi, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa utulivu maana hata watu wazoefu huteleza hapa. Namba ya kipande haielezi kiko upande gani wa karatasi; inaeleza kinasomwa cha ngapi. Kipande cha 0 ni kile kinachosomwa kwanza, ambacho katika hati ya Kijuma kiko kulia na katika kitabu cha Kilatini kingekuwa kushoto. Kiwango cha Unicode, kinachotumiwa na karibu kompyuta na simu zote za leo, kimejengwa juu ya msimamo huo: herufi za Kiarabu huhifadhiwa kwa mpangilio wa kusomwa, na kazi ya kuzipanga kuanzia kulia hufanywa wakati wa kuzionyesha kwenye skrini. Anayegeuza mzunguko ili ufanane na macho yake atapata ubeti unaoanza na bahari na kumalizia na kipande cha kwanza, yaani utendi uliosomwa kinyumenyume. Mwelekeo wa kuonyesha na mwelekeo wa kupita ni mambo mawili, na ukiyachanganya hutajua kosa liko katika data, katika skrini au katika mzunguko wako.

Vitabu vilivyochapwa kwa herufi za Kilatini vilileta badiliko lingine. Wahariri waliuvunja ule mstari mmoja wa ubeti ukawa mistari minne inayoshuka, kama tulivyozoea leo. Jedwali la beti 102 kwa vipande vinne likawa orodha moja ndefu ya mistari 408. Hakuna neno lililopotea, na nafasi ya kila kipande inaweza kupatikana kwa hesabu fupi: zidisha namba ya ubeti kwa nne, kisha ongeza namba ya kipande. Kipande cha bahari cha ubeti wa kwanza kiko kwenye mstari wa 3, cha pili kwenye mstari wa 7, cha tatu kwenye 11, na kuendelea hivyo mpaka 407. Kwenye hati ya zamani, jicho lilikagua bahari kwa kuteremka ukingo wa kushoto bila kuinuka. Kwenye kitabu linalazimika kuruka mistari mitatu kila mara. Swali ni lilelile na jibu ni lilelile, ila gharama ya kulifikia imebadilika kwa sababu ya mpangilio wa ukurasa. Kwa maoni yangu hati za kale zilimhudumia mkaguzi wa vina vizuri zaidi kuliko kitabu cha kisasa, ingawa kitabu kinampendeza msomaji wa kawaida.

Kumbukumbu ya kompyuta inafanana na kitabu hicho. Haina upana; ni mstari mmoja mrefu wa anwani, na kila jedwali la pande mbili lazima lilazwe humo kwa mpangilio fulani. Lugha ya C, na maktaba ya NumPy ya Python isipoagizwa vinginevyo, hulilaza safu mlalo baada ya safu mlalo, kwa hesabu ileile ya kuzidisha kwa nne. Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, pamoja na R, MATLAB na Julia, hulilaza safu wima baada ya safu wima: humo bahari zote 102 za Mwana Kupona zingekaa bega kwa bega, na hesabu ingekuwa kuzidisha namba ya kipande kwa 102 kisha kuongeza namba ya ubeti. Hapa ndipo pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu linapoingia. Ikiwa kila lugha imechagua mpangilio, basi jedwali lina mwelekeo wake wa asili, na mwandishi wa programu hana budi kuufuata.

Ninalikubali pingamizi hilo nusu. Mpangilio upo, na una nguvu, lakini unaamua gharama ya jibu, hauamui maana yake. Ushahidi mzuri ni jinsi NumPy inavyolipindua jedwali ili safu mlalo ziwe safu wima. Mtu angedhani vyumba vyote 408 vinahamishwa, kumbe hakihamishwi hata kimoja. Maktaba inaandika tu upya idadi ya hatua za kuruka: palipokuwa na hatua nne kwenda ubeti unaofuata na hatua moja kwenda kipande kinachofuata, sasa zinabadilishana. Data zimelala palepale, na jedwali moja limepata sura mbili. Kama mwelekeo ungekuwa sehemu ya jedwali, jambo hilo lisingewezekana bila kunakili chochote.

Gharama nayo si ya kupuuzwa, ila lazima iangaliwe mahali inapoonekana. Kwa vyumba 408 hakuna saa itakayokuonyesha tofauti ya kushuka wima na kupita mlalo. Twende basi kwenye jedwali kubwa linalohusu visiwa hivihivi. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na leo misitu hiyo inaweza kufuatiliwa kwa picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa Juni 2015. Kigae kimoja cha picha hizo, kwa kipimo cha mita 10, kina safu mlalo 10,980 na safu wima 10,980, yaani pikseli 120,560,400. Pikseli moja ikichukua baiti mbili, safu mlalo moja ina urefu wa baiti 21,960. Prosesa haichukui baiti mojamoja kutoka kwenye kumbukumbu kuu. Huzoa fungu zima, ambalo katika kompyuta nyingi ni baiti 64, na kuliweka kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo na ya haraka iliyo karibu nayo. Fungu hilo lina pikseli 32 zinazofuatana. Ukipita mlalo, unazitumia zote 32 kabla ya kuomba fungu jingine. Ukishuka wima, unatumia pikseli moja, unaruka baiti 21,960, unaomba fungu jipya, unatumia moja tena. Mpaka ufike chini ya safu wima moja umeshaomba mafungu 10,980, ambayo ni takriban kilobaiti 700, ilhali kashe ya kwanza ya prosesa nyingi ni kilobaiti 32 au 48. Yale mafungu ya mwanzo yameshafukuzwa kabla hujarudi juu kuchukua pikseli ya jirani.

Lakini tazama jinsi mwandishi hodari anavyolikwepa tatizo hili. Tuseme swali ni la wima kabisa: katika kila safu wima, kutoka kaskazini hadi kusini, kuna pikseli ngapi za mikoko? Anayeshika swali neno kwa neno atashuka. Mwenzake ataandaa vihesabio 10,980, kimoja kwa kila safu wima, kisha apite picha mlalo kama ilivyolala, akiongeza moja kwenye kihesabio husika kila anapokuta mkoko. Mwisho wa safari majibu ni yaleyale, kwa kuwa kujumlisha hakujali nani ametangulia. Kwa hiyo kauli yangu ya mwanzo inahitaji kunyooshwa: swali linaamua nini kikusanywe pamoja na nini, na pale ambapo mfuatano hauna athari, miguu ina ruhusa ya kufuata njia nafuu. Kosa ni kudhani kwamba ruhusa hiyo ipo siku zote.

Kuna wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati. Maktaba za leo zina amri ya kujumlisha safu bila mtu kuandika mzunguko wowote, na kompyuta zina kasi ya kutisha. Ni kweli, nami simshauri mtu aandike kwa mkono kile ambacho NumPy inakifanya vizuri kuliko yeye. Ila amri hiyohiyo itamuuliza ajumlishe kwa mhimili upi, wa 0 au wa 1, na hapo ndipo wengi hujikuna kichwa. Mhimili wa 0 ni wa safu mlalo, kwa hiyo wanadhani watapata jumla ya kila safu mlalo. Badala yake wanapata jumla ya kila safu wima. Maktaba haijakosea. Namba hiyo inataja upande unaotembewa mpaka ukaisha, na ukitembea kwenye safu mlalo zote ukaziporomosha kuwa moja, kinachobaki ni jumla za safu wima. Mtu ambaye hajawahi kuifikiria ile b inayoshuka huku k imefungwa hana pa kusimamia. Atajaribu 0, akiona haipendezi atajaribu 1, na jedwali likiwa na idadi sawa ya safu pande zote, kama kigae cha Sentinel-2, hata umbo la jibu halitamwambia kwamba amekosea.

Mshazari nao huchukuliwa kuwa zoezi la darasani tu, jambo ambalo si haki. Pwani ya Lamu hainyooki kaskazini kwa kusini. Kutoka upande wa Kipini kwenda Kiunga inalala kusini-magharibi kwa kaskazini-mashariki. Mikoko hujipanga kwa matabaka kutoka baharini kwenda bara: mlilana husimama mbele kabisa kwenye maji, nyuma yake mkoko wenyewe na muia, na huko ndani mkandaa na mchu, ingawa mchu una tabia ya kujitokeza hata mbele. Anayetaka kuona mfuatano huo kwenye picha hawezi kupita mlalo wala wima. Ataukata ufuo upande. Njia yake inaelekea kaskazini-magharibi, na kwa kuwa safu mlalo ya 0 iko juu, yaani kaskazini, kila hatua inapunguza moja kwenye namba ya safu mlalo na moja kwenye namba ya safu wima. Alama ya njia hiyo ni kwamba ukitoa namba moja kutoka kwa nyingine, tofauti haibadiliki kamwe. Ukitaka kufuata ufuo badala ya kuukata, kisichobadilika ni jumla ya namba hizo mbili. Kujua hivyo kunamwezesha mtu kuipanga picha nzima katika mishazari 21,959, ya urefu kuanzia pikseli moja pembeni hadi 10,980 katikati, bila kuchora chochote. Masharti mawili tu yanahitaji uangalifu. La kwanza ni kusimama pale namba yoyote kati ya hizo mbili inapofika ukingoni, bila kuingoja nyingine. La pili ni kwamba hatua ya mshazari ina urefu wa mita 14 na kidogo, si 10, na anayelisahau hilo atatangaza msitu mwembamba kuliko ulivyo. Na ukiingia kwenye mlango mwembamba wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, hata mshazari haufai tena. Maji hujipinda humo, na mzunguko unabidi usome mwelekeo wake kutoka kwenye ramani ya mkondo, hatua kwa hatua.

Mpaka hapa mwelekeo umeamua gharama, au umeamua nini kikusanywe pamoja. Uko uwanja ambao mwelekeo unaamua jibu lenyewe, na wazee wanaucheza kila siku mbele ya ngome ya Lamu, pale Mkunguni. Bao la Kiswahili ni jedwali la safu mlalo nne na safu wima nane, mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji akimiliki safu mlalo mbili. Kete husambazwa kuzunguka mashimo 16 ya mchezaji: safu ya mbele kwa upande mmoja, kisha safu ya nyuma kwa upande wa pili, mpaka kurudi pale pa kuanzia. Mwandishi wa programu anayejaribu kuieleza njia hiyo kwa mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine, atajitafutia taabu. Njia nyepesi ni kuyapa mashimo namba 0 hadi 15. Namba ikiwa chini ya 8, shimo liko safu ya mbele, na safu wima yake ni namba hiyohiyo. Ikiwa 8 au zaidi, liko safu ya nyuma, na safu wima yake ni 15 ukitoa namba hiyo. Kusogea mbele ni kuongeza 1, kusogea kinyume ni kuongeza 15, na kila mara unachukua baki ya kugawanya kwa 16. Mpinzani naye ahesabiwe kutoka kushoto kwake mwenyewe, na hapo shimo la mbele lililo safu wima ya k linatazamana na safu wima ya 7 ukitoa k. Hesabu hiyo ya 7 ndiyo huamua kete za shimo lipi zinaliwa, na ndiyo ninayoitilia shaka kwanza ninapoona programu ya Bao inayocheza ovyo.

Hapa ruhusa ya kubadilisha njia imekwisha. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mara nyingi zote huchotwa na usambazaji unaendelea, kwa hiyo mzunguko unabadilisha jedwali lilelile unalolipita, na hakuna anayejua mapema utakuwa na hatua ngapi. Shimo moja la kuanzia, likisambazwa kulia, linaweza kula kete nusu ya uwanja; likisambazwa kushoto, likaishia kwenye shimo tupu na zamu ikapita. Je, ushahidi huu hauonyeshi kwamba mwelekeo ni sehemu ya jedwali? Naona ni kinyume chake. Piga picha uwanja wa Bao kati ya zamu mbili: kete zote zinaonekana, na mwelekeo hauonekani popote, kwa kuwa mchezaji hajauchagua. Isitoshe unaweza kubadilika katikati ya zamu moja, maana anayekula kwenye kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele) au kimbi (shimo linalokifuata) cha upande wa pili hulazimika kuanza kusambaza kutoka kichwa cha upande huo. Ndiyo sababu programu inayotaka kusimamisha mchezo katikati ya zamu na kuuendeleza kesho haiwezi kuhifadhi mashimo 32 peke yake. Inahitaji pia namba ya shimo ulipofika mkono, kete zilizobaki mkononi, na ile 1 au 15.